FENI SITA NA TAA ZA RANGI? HAPANA, ASANTE



Najua nimepotea. Mitihani wiki tatu, halafu wiki nzima ya kulala na kula chipsi mayai... mtanisamehe. Nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo anayetafuta vichekesho vya kantini asubiri posti ijayo. Leo nabishana.

Jumapili jioni tulikaa nje ya hosteli, umeme umekatika, joto la Dar mnalijua. Kuna mshkaji wa Sayansi ya Kompyuta, sisi tunamwita Injinia, akaanza kunichokoza mbele ya kadamnasi. "Ticha, nasikia umeunda kompyuta ya gemu haina feni hata moja. Sasa hiyo si sawa na daladala haina konda?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaona haitoshi. Akasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye baridi yao, Dar utakaanga mayai juu ya prosesa, na kwanza mwalimu na gemu wapi na wapi.

Sikumjibu. Mimi darasani sikwami, ila kijiweni maneno hunikauka, nakuja kuyakumbuka usiku nikiwa kitandani. Ndiyo maana naandika. Injinia, kaa chini usome mpaka mwisho.

Kwanza historia, maana wengi hawajui hii kitu ilianzia wapi.

Bumu la mwaka wa pili lilipoingia nilifanya ujinga ambao karibu kila mpenda gemu hapa kampasi amewahi kuufanya. Nikaenda Kariakoo nikanunua deskitopu ya ofisini iliyotumika, nikaiongezea kadi ya picha ya mtumba. Muuzaji (duka silitaji) aliapa kwamba kadi haijafanya kazi ngumu na feni zake ni mpya. Nikabeba, nikapanda daladala nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Usiku ule gemu likawaka vizuri kabisa. Ila sauti jamani! Mnaijua mashine ya kukoboa mahindi inavyoanza taratibu halafu inapanda? Basi hivyo hivyo. Ukiingia kwenye mechi inapanda, ukitoka kwenye menyu inashuka, ukirudi inapanda tena.

Chumbani tuko wanne. Mwenzangu wa kitanda cha chini ni kijana wa Kigoma, mpole, hajawahi kumwambia mtu neno baya. Kila nilipowasha alikuwa anageukia ukutani na kujifunika shuka kichwani. Hakuniambia kitu muhula mzima. Mimi nikajua amelala! Nilikuwa nimevaa hedifoni, nasikia milio ya gemu tu, kelele za mashine walikuwa wanazisikia wao. Matokeo yalipotoka akawa na sapu ya somo moja. Siku hiyo ndipo alipofungua mdomo, tena kwa heshima zote: "Kaka, ile mashine yako ukiwasha mimi silali, halafu asubuhi naingia chumba cha mtihani macho mazito." Basi. Akaenda kuoga.

Sisemi sapu ile ni yangu. Lakini pia siwezi kusema si yangu. Nilikaa na lile jambo siku tatu.

Kwa hiyo Injinia unapocheka kwamba kimya ni anasa, ujue mimi sikuanzia kwenye anasa. Nilianzia kwa mtu aliyejifunika shuka. Tunafundishana adabu ya kutopiga muziki usiku, adabu ya kutoka nje ukipigiwa simu, lakini kelele ya feni tunaiona kama mvua, eti imetoka mbinguni, hakuna wa kulaumiwa. Imetoka wapi mbinguni? Imetokana na vifaa ulivyochagua.

Na hapo ndipo ninapogombana na wauzaji na vijana wote wanaopiga picha kompyuta zenye feni sita zinazowaka kijani na zambarau. Watu wanachagua kadi kwa jina, wanachagua prosesa kwa namba kubwa, joto linawajia baadaye kama deni, halafu wanaongeza feni kulilipa. Mimi nasema anza na wati. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta inatoka kama joto, haiendi popote pengine (nasomea kufundisha Fizikia na Hesabu, hili mniachie). Kadi ya RTX 5090 iliyotoka mwaka 2025 imepangiwa wati 575. Pasi ya umeme ya kawaida ni kama wati 1000. Yaani umeweka zaidi ya nusu pasi ndani ya kasha, halafu unashangaa kwa nini linapiga kelele!

Sasa nije kwenye hoja yako ya joto la Dar, kwa sababu ndiyo hoja pekee uliyoitoa yenye akili.

Kipoza joto kisicho na feni hakiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Kinachofanya ni kuizuia isipande juu ya hewa hiyo zaidi ya kiasi fulani. Tuseme kazi ya kucheza gemu inaiacha prosesa digrii 50 juu ya hewa ya chumba. Chumba cha Ulaya chenye digrii 20, prosesa itasoma 70. Chumba chetu saa nane mchana mwezi wa pili, digrii 32, itasoma 82. Prosesa ya Ryzen 5 5600G kikomo chake ni digrii 95, ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe. Zimebaki 13. Kwa hiyo gharama ya kuishi Dar kwenye hesabu hii ni digrii 12. Si mayai ya kukaanga, ni digrii 12! Zipo, zinauma, lakini unazipangia mapema kwa kuchagua kitu kinachokula wati chache. Kosa linalofanyika ni kuchukua ushauri ulioandikwa na mtu aliyevaa sweta, ukaununua kama ulivyo, kisha ukalaumu jua.

Nilichochagua mimi ni hiyo hiyo 5600G. Ilitoka mwaka 2021, ina kori sita, na michoro yake imo humo humo ndani ya prosesa kwa hiyo huhitaji kadi ya pembeni. Kwenye boksi imeandikwa wati 65. Angalieni, hizo 65 siyo kikomo, kwa mipangilio ya kawaida inaruhusiwa kuvuta hadi 88. Wengi hapa ndipo wanapoungua. Unaingia kwenye BIOS unaishusha iwe ya wati 45, dakika tatu kazi imekwisha, na kwenye gemu utapoteza fremu chache ambazo mimi kwa macho yangu sizioni. Mwenye hela zaidi achukue Ryzen 7 8700G ya mwaka 2024, michoro yake ina nguvu zaidi kwa mbali na yenyewe pia inashushika. Mimi sikuwa na hela zaidi.

Ramu lazima ziwe mbili zinazofanana, nasisitiza MBILI. Michoro ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima ramu ya kompyuta, na ukiweka kijiti kimoja umeifungia barabara upande mmoja. Nimeweka za giga nane nane. SSD sina la kusema, hadi diski inazunguka na inakoroma, itupe.

Kipoza joto ndicho kilichonitesa. Injinia alisema chukua kipoza chochote ung'oe feni, ni kitu kile kile. Sicho! Kipoza cha kawaida kina mapezi membamba yaliyobanana kwa sababu kinajua kuna feni itakayolazimisha hewa ipite. Ukiitoa, hewa ya moto inakwama katikati kama watu kwenye mlango wa ukumbi. Kipoza cha kukaa bila feni kina mapezi mazito yaliyoachana, hewa ikipata moto inapanda yenyewe taratibu, ya chini inaingia. Noctua ya Austria walitoa cha namna hiyo mwaka 2021, kinaitwa NH-P1, urefu milimita 158 na uzito zaidi ya kilo moja. Kilo moja ya chuma juu ya prosesa, ebu fikiria. Dada yangu (mtoto wa mama mkubwa) alikuwa anarudi kutoka Dubai akaniletea, na uwanja wa ndege wakamuuliza hiki ni kitu gani, akasema ni cha shule. Hakudanganya sana.

Na sasa niungame kituko changu kabla Injinia hajakisikia kwa wengine. Siku ya kwanza nililaza kasha ubavuni nikalisukuma chini ya kitanda, nikaona nimeokoa nafasi. Dakika ishirini ndani ya mechi picha ikaanza kukatika katika, naangalia joto, 95! Nilishtuka nikajua Injinia ameshinda. Kumbe nilipolilaza, mapezi nayo yamelala, yamekuwa kama rafu za vitabu, hewa haina pa kupanda. Tena chini ya kitanda, kwenye masanduku na viatu. Nikalitoa, nikalisimamisha juu ya meza, mapezi yakasimama wima. Nikampelekea fundi wa madirisha hapa nje ya geti mfuniko wa juu wa kasha, akaukata akaweka wavu. Kazi ya nusu saa. Tangu hapo, mchana wa joto pangaboi likiwa limezimwa, nikicheza GTA V saa nzima inasoma 79. Pangaboi likiwaka 74.

Hapo najua mtanirukia. "Aaah, kumbe feni unayo, iko darini!" Ndiyo wadau, iko darini na mimi sikuiweka. Hii hoja Injinia aliitoa pia: chumba kina pangaboi linalovuma, kelele ya kompyuta nani ataisikia? Hii nimeifikiria sana kuliko zote. Pangaboi linavuma sauti moja usiku kucha, ubongo unaizoea, ukilizima ndiyo unaamka. Feni ya kadi ya picha inapanda na kushuka kufuatana na gemu, na kila inapopanda aliyelala anashtuka. Tofauti yake ni ile ya mvua ya kuamkia na mtoto analilia kunyonya. Muulizeni yeyote aliyelala karibu na vyote viwili.

Pawa saplai nayo ina feni, watu wanaisahau. Zipo zisizo na feni, Seasonic wanazo mpaka za wati 700, lakini bei yake ningeweza kulipia chumba mtaani. Nikachukua njia ya maskini: kibao kidogo cha umeme kinachochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, kinalishwa na adapta ya volti 12 kama ya laputopu, wati 150. Mashine yangu nzima haifiki hapo. Ila onyo kwa wale wa sola na betri, najua mmeshapata wazo: vile vibao vya volti 12 vya kawaida vinaipitisha ile 12 kama ilivyo mpaka kwenye mazabodi. Betri inayochajiwa inapita volti 14. Usiunganishe moja kwa moja, tafuta kibao kilichotengenezwa kupokea volti zinazopanda na kushuka.

Jambo jingine ambalo halisemwi. Feni ya prosesa huwa inapuliza pia vile vipande vidogo vya kurekebisha umeme vilivyo pembeni yake kwenye mazabodi. Ukiitoa, hivyo vinakosa upepo. Chagua mazabodi ambayo vipande hivyo vimewekewa vipoza vyake, hata kama ni ghali kidogo. Kuna kanuni ya mafundi kwamba kapasita ikipandishiwa joto digrii 10, maisha yake yanapungua kwa nusu. Hapa Injinia angenikaba vizuri kama angelijua, lakini yeye alikuwa anashughulika na konda wa daladala.

Na kimya kikishaingia kina balaa lake. Usiku wa kwanza nilisikia mlio mwembamba, kiiiii, kama mbu. Nikatafuta mbu na kandambili mkononi robo saa nzima, kwi kwi kwi! Kumbe ni koili za kwenye mazabodi, zinalia umeme ukipita kwa kasi. Zilikuwa zinalia kwenye menyu ya gemu tu, kwa sababu menyu ni nyepesi na mashine ilikuwa inachora mamia ya fremu kwa sekunde za bure. Nikaweka kikomo cha fremu 60, mbu akafa.

Anayetaka kadi ya picha kweli kweli na bado akae kimya, zipo. Palit wana toleo lao la KalmX, walifanya la GTX 1650, na mwaka 2024 wakafanya la RTX 3050 ya giga 6, ambayo imepangiwa wati 70. Wati 70 nakubali kupigania. Ukiniambia unataka 300 bila feni hapa Dar, hapo nitahamia upande wa Injinia na nitacheka naye. Mimi sisemi kila kitu kinawezekana. Steve Jobs mwenyewe alilazimisha Apple III ya mwaka 1980 isiwe na feni, na mashine ile ikawa inazidiwa na joto. Ubishi bila hesabu ya wati unakula hela. Lakini MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 haina feni na hakuna anayeiita daladala.

Sasa la mwisho, "mwalimu na gemu wapi na wapi". Hili ndilo lililonikera zaidi.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja mkoa wa Dodoma. Ina chumba cha kompyuta, kumi na nane, za msaada. Zinazowaka tano. Mkuu wa shule akasikia nina mkono wa mambo hayo, akanipa bisibisi. Nikafungua ya kwanza: vumbi jekundu limejaa juu ya feni ya prosesa kama kipande cha blanketi, feni imeganda. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu feni inazunguka lakini haifikishi hewa popote. Zile feni kazi yake ilikuwa kuvuta hewa, na hewa ya pale miezi ya kiangazi ni vumbi, basi zikavuta vumbi kwa uaminifu mpaka zikafa nalo. Nilizifufua nne kwa brashi ya rangi na grisi mpya ya kupitishia joto. Watoto wa kidato cha pili walikuwa wamechungulia dirishani muda wote.

Prosesa zenyewe zilikuwa nzima. Niliyemkuta amekufa ni feni, kila mara feni. Ukishaweka SSD, feni ndiyo kitu pekee kinachozunguka ndani ya kompyuta, ndiyo kitu cha kwanza kuchoka. Kazi za shule ni kuandika, kuonyesha video na kufungua mafunzo, wati 15 au 20 zinatosha, na mashine za kiwango hicho zisizo na feni zipo madukani miaka mingi. Anayeamua zipelekwe shule gani mashine gani, je, aliwahi kusimama Dodoma mwezi wa tisa upepo unavuma? Mimi nimejifunza kuchagua vifaa kwa wati, kupoza bila kuvuta vumbi, kusoma joto na kutafuta koili inayolia, na vyote nimejifunza kwa sababu nilitaka kucheza GTA bila kumwamsha mtu. Nikipangiwa shule kama ile nitajua pa kuanzia. Haya niambie sasa, gemu na mwalimu wapi na wapi?

Hela iliniuma, sitadanganya. Nimeuza ile mashine ya kukoboa kwa hasara, muhula mzima nimekula ugali maharage, na kwa bei niliyotumia ningepata mashine yenye feni yenye nguvu zaidi kwenye gemu. Injinia akisema hivyo atakuwa sahihi na sitambishia.

Juzi usiku mwenzangu wa kitanda cha chini aliamka saa saba kwenda msalani. Akaniona nimekaa. "Kaka, bado unasoma?" Nikamwambia nacheza. Akasogea, akaweka sikio karibu na kasha, akatega kama daktari. Akaniangalia. "Imewaka hii?" Akarudi kulala.

Sapu yake ni Jumanne. Mpaka ipite sichezi usiku kabisa, maana nimegundua mwanga wa skrini nao unampiga usoni, na hilo hakuniambia yeye, nimelala kitandani kwake nikaliona mwenyewe. Nanunua pazia.

Injinia, karibu chumbani Jumatano saa nane mchana. Njoo na kipimajoto chako. Pangaboi nitalizima mimi mwenyewe, mayai njoo nayo wewe.